Gari la kulalia ni jema, lakini lisile pesa ya kiwanja

WIKI mbili zilizopita, jioni baada ya vipindi, mama mmoja mfanyabiashara wa mpakani alinijia nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alitaka nimsomee. Ilikuwa hati ya mauziano ya gari, Toyota Hiace ya mwaka 1996, iliyoandikwa upande wa Tanzania kwa Kiswahili cha kiofisi. Mama huyo alirejea kutoka kambi ya Nyarugusu miaka kadhaa iliyopita. Kiswahili anakizungumza vizuri kuliko wanangu, lakini shule hakubahatika kuifuata.

Muuzaji anataka shilingi milioni 11 za Tanzania. Mama ana milioni 12, akiba ya miaka mingi ya kupeleka na kuleta bidhaa kati ya Mabanda na Kasulu, kupitia Mugina na Manyovu. Nilimwuliza gari hilo ni la kazi gani. Akanijibu: "Mwalimu, viti nitavitoa. Nyuma nitapiga kitanda cha mbao, mzigo ukae chini, mimi nilale juu. Nimechoka kulala kwenye baraza za watu."

Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Na mambo yakiharibika tena, naingiza watoto humo humo, tunaondoka."

Ndugu msomaji, maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Yale ya kwanza ni hesabu ya biashara, na ni hesabu nzuri. Haya ya pili ni hofu, na hofu ni mnunuzi mbaya sana sokoni. Nayajua yote mawili kwa sababu na mimi niliwahi kununua gari la namna hiyo, kwa sababu hiyo hiyo, na nikalipa ada kubwa ya kujifunza.

Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972 kutoka maeneo ya Nyanza-Lac. Mimi nilizaliwa na kusomeshwa Ulyankulu, mkoani Tabora. Mwaka 2008 tulipoulizwa tuchague kati ya uraia wa Tanzania na kurudi nyumbani, wengi walichagua kubaki, sisi tukachagua kurudi. Mwaka 2009 tulifika Burundi na magodoro, masufuria na vyeti vyangu vya shule. Shamba la marehemu baba tulilikuta lina watu wengine, nao walikuwa wamezaa na kuzika hapo hapo. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua hadithi hiyo, sina haja ya kuirefusha.

Ninachotaka kusema ni kwamba mtu aliyeishi hivyo huanza kuamini vitu vinavyotembea kuliko vitu vilivyosimama. Nyumba unaiacha. Shamba unaliacha, na ukirudi unakuta mihogo ya mwingine. Gari unaingia ndani yake na kwenda nalo. Ndiyo maana mwaka 2011, nikiwa na fedha tulizopata kwa kuuza nyumba yetu ya Ulyankulu, niliacha kununua kiwanja nilichokuwa nimeonyeshwa, nikaungana na dada yangu mkubwa kununua Hiace. Yeye alikuwa akifanya biashara ya mpakani kama mama huyu. Mimi nilitoa sehemu kubwa, yeye akatoa mtaji wake karibu wote.

Tulinunua Kigoma kupitia kwa dalali, kwa shilingi milioni 5. Gari lilikuwa jeupe, rangi mbichi inanukia, viti vimefunikwa kitambaa kipya. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda kilikuwepo kweli. Tulipofika asubuhi kuliangalia, injini ilikuwa tayari ya moto. Dalali akasema ametoka nalo sheli. Sikujua kwamba hilo pekee lilitosha kunifanya nigeuze njia. Kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu wa tatu ambaye hatukumwona, tukaambiwa yuko safarini. Nilitia sahihi nikiwa nimefurahi kama mwanafunzi aliyefaulu.

Safari ya nne, tukipanda kutoka Mwandiga kwenda Manyovu, injini ilikata ghafla kama taa iliyozimwa. Mkanda wa taimingi ulikuwa umekatika. Katika injini za dizeli za aina ile mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, kwa hiyo hununui mkanda tu, unafungua kichwa cha injini. Fundi alipofungua akakuta na gasketi ya silinda hedi imeungua. Alipoingia chini ya gari akachokoa bodi kwa bisibisi, bisibisi ikapita. Kutu yote ilikuwa imezibwa kwa bodifila na kupakwa rangi nyeusi juu. Hatukuwa na akiba hata ya kununua spea, kwa kuwa fedha zote tulikuwa tumeziweka kwenye bei. Gari lililala gereji miezi minane. Tulipotaka kuliuza hatukuweza, kwa sababu mwenye jina kwenye kadi hakupatikana kamwe. Mwisho liliuzwa kama chuma chakavu.

Dada yangu alirudi kubeba mzigo kichwani. Hakunilaumu kwa maneno, lakini kwa mwaka mzima akija kwangu alikuwa anakaa karibu na mlango, kama mgeni. Kiwanja kile nilichokiacha leo kina nyumba ya mtu mwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa hiyo msomaji anaweza kudhani kwamba nilimwambia mama yule asinunue gari kabisa.

Sikumwambia hivyo. Kwa mtazamo wangu, gari la zamani la kulalia ni jambo la busara kwa mfanyabiashara wa mpakani, na wale wanaowacheka kina mama hawa kwamba wanataka "nyumba ya magurudumu" kama watalii wa Kizungu hawajawahi kulala Manyovu usiku wa mvua. Mfanyabiashara akichelewa mpaka umefungwa, ana njia mbili: alipe chumba cha wageni pamoja na mahali pa kuwekea mzigo, au alale barazani na kuukumbatia mzigo wake hadi asubuhi. Kwa mwanamke, baraza ina hatari zake ambazo hatuziandiki magazetini mara nyingi. Gari lenye mlango unaofungika kwa ndani linamaliza matatizo hayo kwa mpigo mmoja: ni usafiri, ni ghala, na ni chumba. Wala halihitaji kuwa jipya.

Kosa si kununua gari la zamani. Kosa ni kununua gari la zamani kana kwamba bei ya muuzaji ndiyo gharama yote. Mwenye fedha nyingi akikosea hununua lingine. Sisi wenye fedha kidogo tukikosea, mtaji umekwisha. Kwa hiyo naomba niseme niliyojifunza, kwa lugha ya kawaida, na wenye ujuzi zaidi wanisahihishe.

Kwanza ni mgawanyo wa fedha. Ushauri wangu ni kwamba katika kila shilingi 100 ulizonazo, zisizidi 60 kwenye bei ya gari. Shilingi 25 ziwe za matengenezo ya mwanzo, kwa sababu gari la umri huo litayataka hata kama muuzaji ni mtu mkweli. Shilingi 15 zilizobaki ziwe za karatasi, bima na akiba. Mama yule mwenye milioni 12 asitafute gari la milioni 11. Atafute la milioni 7, na kama halipo, aendelee kuweka akiba. Akiba haiozi. Gari la milioni 7 lililowekewa mkanda mpya, matairi mapya na breki mpya litamlisha miaka mingi kuliko la milioni 11 lenye rangi mpya peke yake.

Pili ni kujua unachonunua. Umbo la Hiace tulilolizoea, lile lililotoka mwaka 1989, lilikoma kutengenezwa kwa soko la Japani mwaka 2004 lilipokuja umbo jipya. Maana yake ni kwamba kila gari la umbo hilo unaloonyeshwa leo limepita miaka 20, hata aliyelileta akikuapia kwamba halijatembea. Namba za kilometa kwenye dashibodi zisikushughulishe, hurudishwa nyuma kwa urahisi. Tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Mpira wa pedali ulioisha hadi chuma hauwezi kuwa wa gari la kilometa elfu 90.

Kwa upande wa injini, zile za dizeli za kawaida zisizo na turbo, yaani 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0, ni za taratibu mlimani lakini kila fundi wa Kasulu, Makamba au Rumonge anazijua, na spea zake hazikosekani. Ile ya 1KZ ya lita 3.0 yenye turbo ina nguvu nzuri ya kupanda, ila ikishachemka mara moja kichwa chake hupasuka upesi, na muuzaji hatakwambia kama ilishachemka. Ya petroli ya 1RZ ya lita 2.0 hutumia mnyororo badala ya mkanda. Kwa mtu mwenye fedha kidogo anayepanda milima yetu na mzigo, mimi ningetafuta 3L au 5L, na siku ile ile ya kununua ningebadilisha mkanda wa taimingi bila kumsikiliza mtu. Hubadilishwa kila kilometa laki moja hivi, na kwa gari usilojua historia yake, hesabu kwamba hizo zimeshapita.

Tatu ni kuliona gari likiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema kwamba utakuja alfajiri na asiliwashe. Weka mkono juu ya bonati kabla hujamsalimia vizuri. Ikiwa ni ya moto, rudi siku nyingine. Injini ya moto huficha mengi: ugumu wa kuwaka asubuhi, moshi, na milio. Likiwaka, simama nyuma ulitazame. Moshi wa bluu maana yake linaunguza oili. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto unaweza kuwa maji yanaingia mahali pasipo pake. Moshi mzito mweusi ni noziri au pampu ya dizeli. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta ute mweupe kama maziwa ya mgando, maji na oili vimekutana, na hapo funga kifuniko uage kwa heshima. Mfuniko wa rejeta ufunguliwe injini ikiwa bado baridi, kisha liwashwe. Mapovu yasiyoisha ndani ya rejeta ni dalili ya gasketi.

Nne ni bodi. Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu tunamleta fundi wa injini tukamsahau fundi wa bodi. Injini inaweza kubadilishwa ukapata nyingine ya mtumba. Chasisi iliyooza haibadilishwi. Na kwa mtu anayetaka kulala ndani, bodi ndiyo nyumba yenyewe. Chukua sumaku ndogo, ile ya spika mbovu inatosha, uipitishe kwenye milango, juu ya matairi na kwenye vizingiti. Pale inapokataa kushika pana bodifila. Inua zulia ujue kama sakafu imelowana. Tazama pembe za paa ndani, alama za maji hazijifichi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: lala chini kabisa, uangalie springi za nyuma. Hiace nyingi za huku zimebebeshwa mara mbili ya uwezo wake, na springi zilizonyooka kama rula ndizo zinazotoa ushahidi. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu ni sababu ya kuuliza maswali.

Matairi nayo yasome. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hata kama meno yake ni marefu, mpira wa umri huo umekauka, na ukipakia mzigo hupasuka kwenye mteremko, siyo mbele ya nyumba yako.

Tano ni upande wa usukani, jambo ambalo sisi tuliokulia Tanzania hatulifikirii. Tanzania magari hupita kushoto, Burundi hupita kulia. Hiace iliyotoka Japani ina usukani kulia na mlango wa kuburuta kushoto. Ukiwa Kasulu mlango huo unafungukia kando ya barabara. Ukiwa Mabanda unafungukia katikati ya barabara, pale malori yanapopita. Nimemwona mtoto wa shule akishuka upande huo, nikafumba macho. Tena dereva mwenye usukani kulia akitaka kulipita lori kwenye barabara ya kwetu haoni mbele hadi gari zima litokeze. Na taa za Japani zimeelekezwa kumulika kushoto, kwa hiyo huku kwetu zinampiga anayekuja usoni. Yote haya yanavumilika kwa mwenye kuyajua: shusha watu na mizigo mahali palipo nje ya barabara kabisa, kuwa na mtu wa kukuangalizia, rekebisha taa, na usiende usiku. Lakini ikiwa kazi yako kubwa iko upande wa Burundi, gari lenye usukani kushoto lina thamani zaidi hata kama limechakaa kidogo.

Sita ni karatasi, na hapa namsemea kila ndugu aliyerejea ambaye anaogopa ofisi. Usilipe hata senti kabla hujamwona mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi, pamoja na kitambulisho chake. "Yuko safarini" maana yake biashara nayo isubiri atoke safari. Ikiwa mwenye gari amefariki, warithi wawe na karatasi ya mahakama ya kusimamia mirathi. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Mkwaruzo au alama ya kuchomelea karibu na namba hiyo ni sababu tosha ya kuondoka. Hati ya mauziano isainiwe mbele ya wakili au kiongozi wa serikali ya mtaa, na mashahidi wa pande zote mbili. Iandikwe kwa lugha ambayo wewe unaisikia masikioni ikisomwa, na kama hujui kusoma, asome mtu wako, siyo mtu wa muuzaji.

Kuhusu kuvuka, tusidanganyane. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikafuata 2022, na utaratibu rahisi wa biashara ndogo unawasaidia sana wenye mizigo isiyozidi dola 2,000. Lakini utaratibu huo ni wa bidhaa zinazozalishwa ndani ya jumuiya. Gari la Japani halikuzalishwa hapa. Usidhani kwamba kwa kuwa lililipiwa ushuru Dar es Salaam, basi likifika Mugina litapita kama gunia la maharage. Ukitaka lipate namba za Burundi, nenda kwanza forodha ukiwa na nakala ya kadi, uulize jumla ya malipo, uandikiwe. Ukitaka libaki na namba za Tanzania, uliza masharti ya kibali cha muda na muda wake. Karatasi ya bima ya COMESA, ile tunayoiita kadi ya njano, inatambuliwa Burundi na Tanzania pia, na bila hiyo ukimgonga mtu ng'ambo umeingia kwenye deni la maisha. Ukitoa viti na kuweka kitanda, sema hivyo kwa wenye bima, maana gari la abiria na gari la mzigo halikatiwi bima moja.

Msomaji wa Uganda au Kenya anayeagiza kutoka nje ajue kwamba Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 ilizuia kuingiza yaliyozidi miaka 15. Tanzania huongeza ushuru wa uchakavu. Ndiyo maana hizi Hiace za zamani tunauziana sisi kwa sisi, kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono unaacha kasoro yake.

Saba, na hili nalisema kwa sauti: kulala ndani ya gari kunaweza kuua. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu na hata kama baridi ya Manyovu inauma. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Mtu husinzia, na ndiyo mwisho. Usiache injini ikiunguruma usiku ili upate joto. Usilale na madumu ya mafuta. Najua kwamba kwa uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi miaka hii ya karibuni watu wamezoea kuweka akiba popote, lakini dumu la petroli chini ya kitanda ni jeneza. Acha dirisha moja wazi kiasi cha vidole viwili, weka chandarua, na kitanda kiwe cha mbao nyepesi, kwa sababu kila kilo ya kitanda ni kilo ya mzigo usioubeba.

Hayo ndiyo ya gari. Sasa nirudi kwenye maneno ya pili ya mama yule, yale ya kuingiza watoto na kuondoka.

Simcheki mtu kwa hofu hiyo. Wapo waliokimbia mwaka 1972, wakakimbia tena 1993, na wengine 2015. Lakini naomba tujiulize kwa utulivu. Siku mambo yalipoharibika, ni wangapi kati yetu waliondoka kwa gari? Baba yangu alikuwa na baiskeli, akaitupa kwa sababu njia ilikuwa ya msituni. Gari linahitaji barabara, na barabara ndiyo huwekwa vizuizi kwanza. Linahitaji mafuta, na mafuta ndiyo hutoweka kwanza. Gari la kukimbilia ni ndoto inayotupa usingizi, na usingizi ni kitu kizuri, ila bei yake isiwe ardhi.

Maana hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mrejea aliyeweka fedha zote kwenye magurudumu hana anuani. Watoto wake watasoma wapi mwaka mzima? Mke au mume akiugua atalazwa wapi? Wakati Tume ya Ardhi na Mali Nyingine iliyoundwa mwaka 2006 ilipokuwa ikisikiliza mashauri, waliokuwa na mahali pa kukaa na karatasi mkononi walisikilizwa vizuri kuliko waliokuwa wakihamahama. Kipande cha ardhi, hata cha mita 15 kwa 20, chenye hati ya jina lako, hakichemki mlimani wala hakikatiki mkanda. Hupungua thamani kwa nadra, na gari hupungua kila siku, hata likiwa limesimama. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kiwanja kwanza, gari baadaye, na gari litoke kwenye faida, lisitoke kwenye fedha ya kiwanja. Mwenye kiwanja anayelala kwenye gari yuko kazini. Asiye na kiwanja anayelala kwenye gari bado yuko safarini.

Yapo na ya wakubwa. Naomba kwa heshima wenye mamlaka ya mipaka yote, Mugina na Manyovu, Kobero na Kabanga, wabandike ubaoni orodha ya malipo yote ya gari dogo la biashara, kwa Kirundi na Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Palipo na orodha ubaoni dalali hukosa la kuuza. Naomba pia vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vifikirie kumlipa kwa pamoja fundi mmoja mwaminifu awe anakwenda kukagua gari kabla ya mwanachama kulipa. Gharama ya siku moja ya fundi ni ndogo kuliko gasketi moja. Na kina mama wanne waliouza pamoja miaka kumi wanaweza kununua gari moja zuri badala ya manne mabovu, mradi waandikiane.

Mama yule nilimsomea hati yake yote. Jina la muuzaji halikuwa jina la kwenye kadi. Nilimwambia: "Dada, mwambie utakuja alfajiri kesho kutwa, na mwenye kadi awepo." Alipiga simu hapo hapo barazani kwangu. Muuzaji akasema kuna mteja mwingine, alipe leo au alikose. Mama akanitazama. Mimi nilitazama chini, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasikia Kigoma mwaka 2011, na siku ile nililipa.

Yeye alikata simu. Milioni zake 12 bado anazo, na gari bado analitaka. Jumamosi ijayo tunakwenda pamoja kuangalia kiwanja kimoja nyuma ya soko. Akikipenda na bei ikipungua, zitabaki fedha za kuanzia akiba ya gari upya. Nimemwahidi kwamba siku ya kulikagua nitakuja, na nitamleta dada yangu. Yeye ndiye anayejua kuweka mkono juu ya bonati.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili kusini mwa Burundi. Alisomea Ulyankulu, Tanzania.